Mkuu wa Polisi Akivua Magwanda

Majuma kadhaa yaliyopita walimu wa shule moja ya upili hapa Eldoret walinialika niwe miongoni mwa waamuzi wa mdahalo wa wanafunzi wao. Hoja ilikuwa kwamba polisi wa Kenya amebadilika. Upande wa watetezi ulitaja sare mpya za buluu, katiba mpya na tume mpya. Upande wa wapinzani ulitaja risasi. Mdahalo ulipokwisha na washindi wakapigiwa makofi, kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa kimya muda wote, aliinua mkono akauliza jambo ambalo halikuwamo katika hoja: Inspekta Jenerali wa Polisi akimaliza miaka yake minne, huenda wapi?

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu wao wa Historia na Serikali hakucheka. Mimi, kwa uvivu wa mtu aliyekwisha kuona chai ikiletwa, nilimjibu kwamba hustaafu akaenda shambani kufuga ng'ombe. Nilipofika nyumbani moyo ulinisuta. Nilikuwa nimemdanganya mtoto wa watu, kwa maana wakuu wetu wa polisi wa hivi karibuni hawakuelekea shambani. Walielekea serikalini, nao hawakupitia kwa mpiga kura.

Hebu tuanze na wawili ambao hapa kwetu hutajwa kama majirani, kwa kuwa ni wana wa Bonde la Ufa. Wa kwanza ni David Kimaiyo, aliyeapishwa Desemba 2012 kuwa Inspekta Jenerali wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Alisimamia usalama wa uchaguzi wa Machi 2013. Mwaka huo huo, Septemba, magaidi wakavamia jengo la Westgate jijini Nairobi. Juni 2014 ikaja Mpeketoni. Mwishoni mwa Novemba abiria wa basi wakachinjwa Mandera, na tarehe 2 Desemba wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyo hiyo. Siku hiyo Kimaiyo akajiuzulu kabla muda wake haujafika hata nusu kwa kadiri ya hatua mbili au tatu. Mwaka uliofuata aliteuliwa mwenyekiti wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.

Wa pili ni Joseph Boinnet, na huyu ndiye anayetufaa zaidi katika mjadala wetu, kwa kuwa safari yake inaonyesha njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Boinnet alikuwa afisa wa polisi kabla ya kuingia katika idara ya ujasusi, na huko ndiko alikotolewa na Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2014 ili azibe pengo lililoachwa na Kimaiyo. Aliapishwa Machi 2015. Hata mwezi haujatimia, Aprili 2, Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Ni katika kipindi chake, Juni 2016, ambapo wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi waliuawa, na miaka sita baadaye mahakama ikawatia hatiani maafisa wa polisi kwa mauaji hayo. Ni katika kipindi chake pia ambapo taifa lilifanya uchaguzi mara mbili katika mwaka mmoja, 2017, baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti. Na ni yeye aliyekuwa usukani mwaka 2018 polisi wa utawala walipoanza kuunganishwa na polisi wa kawaida, na zile sare za buluu zilizotajwa na vijana wa mdahalo zikatolewa.

Machi 2019 miaka yake minne ikatimia. Katiba haimruhusu Inspekta Jenerali kuongezewa hata siku moja. Mwezi huo huo, Rais yule yule aliyemteua awe mkuu wa polisi akamteua kuwa Katibu Msimamizi katika Wizara ya Utalii, cheo ambacho wananchi wengi walikiona kuwa ni kile cha waziri msaidizi wa zamani kilichovikwa kanzu mpya. Serikali ilipobadilika mwaka 2022, Rais William Ruto alimfanya Naibu Mshauri wa Usalama wa Taifa.

Sisemi kwamba Boinnet alivunja sheria. Hakuvunja. Wala sisemi kwamba alipindisha kazi yake kwa kutazamia cheo. Hilo ni jambo la moyoni mwake, nami sina darubini ya kutazamia mioyo ya watu. Kisa chake nakichukua kwa sababu kinatuonyesha tundu lililomo katika ukuta tulioujenga kwa gharama kubwa, na tundu la ukuta halina habari na tabia ya mtu anayelipitia.

Ukuta wenyewe ni upi? Wanafunzi wanaosoma Katiba watakumbuka kwamba Kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama na kila mmoja aliyemo ndani yake kuegemea upande wa kisiasa, kuendeleza maslahi ya chama au kudhuru maslahi halali ya kisiasa ya wengine. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali amri huru juu ya polisi wake: waziri anaweza kumwelekeza kuhusu sera, tena kwa maandishi, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwambia amchunguze fulani au amwache fulani. Kisha kikaweka muhula mmoja wa miaka minne usiorudiwa. Hekima ya muhula mmoja ni kwamba mtu asiyeweza kuteuliwa tena hana sababu ya kumbembeleza mteuzi. Hana cha kuomba, basi hana cha kuogopa.

Lakini hekima hiyo ilidhani kwamba hakuna zawadi nyingine duniani ila kiti kile kile. Mteuzi akiwa na viti vingine mia, vya wizara, vya mashirika ya umma, vya ubalozi, basi muhula mmoja unageuka na kuwa kinyume cha ulivyokusudiwa. Unamfanya mkuu wa polisi ajue, tangu siku ya kwanza, tarehe hasa atakayohitaji kazi nyingine, na pia mtu hasa atakayeweza kumpa.

Jambo hili lilizidishwa uzito na mabadiliko ambayo Wakenya wengi wameyasahau. Hapo awali, nafasi ya Inspekta Jenerali ilitangazwa, waombaji wakahojiwa na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na majina yakapelekwa kwa Rais. Ndivyo alivyopatikana Kimaiyo. Desemba 2014, katika hamaki iliyofuata mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama katika kikao kilichojaa vurugu, na miongoni mwa mengi yaliyomo, Rais akapewa uwezo wa kupendekeza jina moja moja kwa moja Bungeni. Boinnet alikuwa wa kwanza kupitia njia hiyo. Tazama basi: mkono mmoja ulimwingiza, na mkono ule ule ukampokea alipotoka. Katikati ya mikono hiyo miwili ndipo tulipofanya uchaguzi wa 2017.

Tena polisi si peke yao. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye amepewa muhula mmoja wa miaka minane kwa hekima ile ile. Keriako Tobiko aliuacha mwaka 2018 kabla haujaisha akawa Waziri wa Mazingira. Mrithi wake, Noordin Haji, akauacha mwaka 2023 akawa mkuu wa ujasusi. Wote wawili waliitwa na Rais. Kumbe nafasi ambazo Katiba ilizikusudia ziwe vituo vya mwisho vya safari zimekuwa vituo vya kubadilishia basi.

Wazee watasema kwamba mambo haya si mapya, nao watakuwa wamesema kweli. Chini ya katiba ya zamani Kamishna wa Polisi aliteuliwa na Rais na kuondolewa na Rais. Ben Gethi alikuwa mtu wa kuogopwa hadi Agosti 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi huo alifutwa kazi, akaonja korokoro. Philip Kilonzo alikuwa Kamishna katika miaka ambayo haitasahaulika: Februari 1990 Waziri Robert Ouko aliuawa, Julai mwaka huo ikaja Saba Saba, na kuanzia mwishoni mwa 1991 mapigano yakazuka Tinderet na kuenea, hadi moshi ukaonekana Burnt Forest, mwendo mfupi kutoka hapa mjini. Aliondoka mwaka 1993. Mwaka 1997 alikuwa akijiandaa kuwania kiti cha ubunge cha Yatta, nyumbani kwao Ukambani, alipofariki baada ya kunywa kinywaji kilichotiwa sumu.

Kisa cha Kilonzo huwa nakiwaza mara kwa mara. Hapa palikuwa na mtu aliyeyajua mengi kupita kiasi kuhusu serikali ya wakati wake, naye akataka kusimama mbele ya wananchi wa kijijini kwake awaombe kura. Laiti angeishi, katika mikutano ya kampeni angeulizwa kuhusu Ouko. Angeulizwa kuhusu Saba Saba. Labda angejibu, labda angekwepa, lakini swali lingeulizwa hadharani chini ya mti, na mtu wa kawaida ndiye angeliuliza.

Hapo ndipo pana tofauti ninayotaka msomaji aizingatie. Afisa anayeingia katika siasa kwa kura hulazimika kuubeba mzigo wake wa zamani mbele ya watu. Joseph Nkaissery alikuwa meja jenerali wa jeshi, si polisi, lakini mfano wake unafaa. Alistaafu, akaomba kura Kajiado ya Kati mwaka 2002, akapewa, akarudi kuomba tena. Alipopendekezwa kuwa Waziri wa Usalama Desemba 2014, siku ile ile Kimaiyo alipojiuzulu, operesheni ya Lotiriri ya mwaka 1984 huko Pokot, ambayo watu wa huko wameililia hadi leo, ilimfuata hadi mbele ya Bunge. Miaka 30 ilikuwa imepita. Mtu anaweza kuridhika au asiridhike na majibu aliyoyatoa, ila aliulizwa.

Jirani zetu wa Tanzania wanaye Adadi Rajabu, aliyekuwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Alipotoka polisi alipelekwa ubalozini Zimbabwe, na mwaka 2015 akachaguliwa kuwa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM. Bungeni ujuzi wake haukupotea bure. Aliongoza kamati inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama. Ni nani atakayesema kwamba Bunge halihitaji watu wanaojua faili la upelelezi linavyofunguliwa na jinsi linavyoweza kufungwa kimya kimya?

Kwa upande wa pili wa mizani, wako Waganda. Erinayo Oryema alikuwa mwananchi wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda. Idi Amin alipoipindua serikali ya Obote Januari 1971, Oryema aliacha polisi akawa waziri wake. Hakuchaguliwa na mtu, kwa kuwa hakukuwa na kura. Aliishi kwa radhi ya mteuzi wake, na radhi hiyo ilipokwisha Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Oboth-Ofumbi, huku redio ya serikali ikisema kwamba ilikuwa ajali ya gari. Najua Kenya ya leo si Uganda ya Amin, na sitaki kumtisha mtu kwa kulinganisha yasiyolingana. Nataja tu kwamba cheo kinachotoka kwa mtu mmoja hudumu kadiri ya moyo wa mtu huyo.

Ughaibuni pia mambo haya yapo. Fidel Ramos aliongoza jeshi la polisi la Ufilipino wakati wa Marcos, akamgeuka mwaka 1986, na mwaka 1992 akachaguliwa Rais. Kiran Bedi, mwanamke wa kwanza kuwa afisa wa daraja la juu katika polisi wa India, aliomba kura za Delhi mwaka 2015 akashindwa. Mwaka uliofuata serikali ya chama chake ikampa ugavana wa Puducherry. Mlango ulipogoma, dirisha likafunguliwa.

Turudi nyumbani, maana mimi siandiki haya kwa ajili ya Wahindi. Eldoret ina sababu zake za kulijali jambo hili kuliko miji mingi. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Bonde la Ufa ndilo lililozika watu wengi zaidi. Kiambaa ni safari ya dakika chache tu kutoka mahali ninapoandikia makala haya. Katika siku zile kila jamii hapa Uasin Gishu ilikuwa na hadithi yake kuhusu polisi: hawa walisema polisi walitazama nyumba zikiungua wakikunja mikono, wale walisema polisi waliwapiga vijana wao risasi kana kwamba wanawinda. Hadithi hizo mbili hazikupatana katika jambo lolote ila moja, kwamba polisi walikuwa na upande.

Tume hiyo hiyo ilipokea ushahidi kwamba kabla ya upigaji kura polisi wa utawala walipakiwa kwenye mabasi, wakiwa wamevaa nguo za kiraia, wakapelekwa Nyanza kuwa mawakala wa upande uliokuwa serikalini. Baadhi yao waliuawa na wananchi waliowagundua. Vijana wale wa polisi hawakubuni safari ile wenyewe. Kulikuwa na mkubwa aliyetia sahihi, na juu yake mkubwa mwingine, na kila mmoja alikuwa akitazama juu kuliko alivyokuwa akitazama chini.

Kutokana na majivu hayo ndiko kulikotoka jopo la Jaji Ransley la mwaka 2009, kisha sura ya Katiba kuhusu usalama, kisha Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Sote tulikubaliana kwamba polisi asiwe na upande. Tukamfungia mlango wa mbele kwa kufuli nzito: sheria ya uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kura ajiuzulu miezi sita kabla. Februari 2022 tuliona mawaziri wakiacha magari ya serikali ili watimize sharti hilo. Lakini yule asiyetaka kura, anayetaka tu kuteuliwa, hakuwekewa hata saa moja ya kungoja.

Ajabu yake ni kwamba Katiba yenyewe inajua maana ya kungoja. Mtu aliyekuwa mbunge, au aliyewania ubunge, au aliyekuwa katika uongozi wa chama, hawezi kuwa mwanachama wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka mpaka miaka mitano ipite. Waliotunga kifungu hicho walielewa kwamba jasho la siasa halikauki kwa siku moja. Ikiwa mwanasiasa anahitaji miaka mitano ili aaminiwe kuhesabu kura, kwa nini aliyezilinda kura hizo kwa bunduki asingoje hata miezi sita kabla ya kukaa meza moja na mshindi?

Pendekezo langu ni dogo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi iongezwe kifungu kinachosema kwamba mtu aliyekuwa Inspekta Jenerali, naibu wake au mkuu wa upelelezi hawezi kuteuliwa na Rais aliyemteua kushika cheo chochote cha kisiasa, cha ubalozi au cha shirika la umma. Rais mwingine akija na kumwona anafaa, amteue. Kwa kipimo hiki kazi ambayo Boinnet alipewa mwaka 2022 haina kasoro kubwa, ingawa mbishi angeniuliza, na angekuwa na haki, kama Rais wa 2022 hakuwa naibu katika serikali iliyotangulia. Kura nisingezigusa. Akitaka kugombea kiti, ajiuzulu miezi sita kabla kama mwalimu au karani yeyote, aje hapa uwanjani tumuulize.

Nimewaeleza rafiki zangu wawili wazo hili. Mmoja ni mwalimu mstaafu, naye alisema kwamba namnyima raia haki yake kwa sababu aliitumikia nchi. Nilimjibu kwamba Kifungu cha 38 kinampa raia haki ya kuchagua na kuchaguliwa. Sijaona mahali kinapompa mtu haki ya kuteuliwa. Wa pili alihudumu polisi miaka mingi na sasa anafuga ng'ombe kweli kweli nje kidogo ya mji. Alisema kwamba hakuna afisa mwenye akili atakayekubali kazi ya Inspekta Jenerali ikiwa inafunga milango mingine yote, kwa kuwa humaliza angali na nguvu, ada za watoto zikimngoja. Hoja hii ina uzito zaidi. Jaji hukaa kazini hadi miaka 70. Mkuu wa polisi hupewa minne tu. Pengine basi tumlipe baada ya kuondoka, mshahara kamili kwa miaka michache, akae nyumbani, aandike kumbukumbu zake, afundishe Kiganjo au katika chuo kikuu kimojawapo. Gharama yake haiwezi kuzidi ile ya uchaguzi mmoja usioaminika.

Kuelekea Agosti 2027 wabunge wetu wa Uasin Gishu wana nafasi ya kuupeleka mswada kama huo Bungeni, na bado hawajaanza kuchelewa. Yule kijana wa kidato cha tatu nimemwandikia barua kupitia kwa mwalimu wake, nikamwomba radhi kuhusu ng'ombe.